Senti Themanini kwa Saa: Wanawake wa Sadini wa Douarnenez

Ukitembelea miji ya pwani ya Bretagne, ule mkono wa Ufaransa unaochomoza kwenye Bahari ya Atlantiki, utaona mwanamke amepewa kazi moja tu: kusubiri. Yumo kwenye kadi za posta, yumo kwenye picha za kuchora zilizotundikwa makumbusho, kasimama juu ya jabali na kofia yake nyeupe ya kitambaa, macho baharini. Mume kaondoka, yeye kabaki. Pale Ploubazlanec, karibu na mji wa Paimpol, upo msalaba unaoitwa Msalaba wa Wajane, na makaburini kuna ukuta uliojaa vibao vya wavuvi waliokwenda kuvua Iceland wasirudi. Safari hizo zilianza mwaka 1852 zikakoma 1935, na katika muda huo wanaume takriban 2,000 walipotea pamoja na meli zaidi ya 100. Unasoma vibao, unaona jina la ukoo lile lile likijirudia, baba, mwana, ndugu wa baba, na maneno yanakuishia.

Sina ugomvi na msiba wa watu. Lakini mimi ni mtoto wa Unguja niliyesomeshwa kwa pesa ya dagaa, na kila nikisimama mbele ya picha ya mwanamke anayesubiri, swali hunijia: mume kaondoka mwezi wa pili, anarudi mwezi wa nane, huyu bibi katikati hapo alikuwa anakula nini? Nani alilisha watoto? Wanawake wa pwani ninaowajua mimi hawana muda wa kusimama juu ya jabali. Wana moshi machoni na chumvi vidoleni, na mume akirudi na samaki ndipo kazi yao inapoanza.

Jibu nilikuja kulikuta Douarnenez, mji ambao watalii wengi huuruka. Lakini kabla sijafika huko nilipitia Saint-Malo, kama wafanyavyo wote, maana wakati huo nilikuwa naishi Rennes na treni ya kwenda huko haichukui hata saa nzima.

Saint-Malo ni mji mzuri, tusidanganyane. Ukuta wa mawe ya itale umeuzunguka mji mkongwe wote, nawe unatembea juu yake, kushoto madirisha ya watu, kulia bahari. Na bahari yenyewe ni kioja. Sisi bamvua ikipwa tunatembea mbali kufuata pweza, tukadhani tumeona maji yakipwa. Kule tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika mita 12 hivi, mara tatu ya kwetu. Kisiwa cha Grand Bé unakwenda kwa miguu mchana, na ukizubaa unalala huko pamoja na kaburi la mwandishi Chateaubriand, aliyezikwa hapo mwaka 1848. Wamejua hata kuyatuma hayo maji kazi: tangu 1966 kuna kituo kwenye mto Rance kinachofua umeme kwa nguvu ya kupwa na kujaa. Wengi wanaoupiga picha mji mkongwe hawajui kwamba sehemu kubwa si kongwe. Agosti 1944 mabomu na moto viliteketeza karibu kila kitu ndani ya ukuta, wakaujenga upya kwa sura ile ile.

Na juu ya ukuta kasimama Robert Surcouf, sanamu ya shaba, kidole kakinyoosha baharini upande wa Waingereza. Huyu alikuwa haramia mwenye kibali cha serikali: anateka meli za adui, mali wanagawana na dola, na mjini anarudi kama bwana mkubwa. Mwaka 1800, kwenye Ghuba ya Bengali, aliiteka Kent, meli ya Kampuni ya Waingereza ya India, kubwa kuliko yake na yenye watu wengi zaidi. Hiyo Saint-Malo wanaisimulia hadi kwenye karatasi za kufungia biskuti. Kinachosemwa kwa sauti ndogo ni kwamba ubaharia alijifunza kwenye bahari yetu, na biashara mojawapo aliyojifunza ilikuwa ya watu. Meli ya Aurore, aliyokuwamo akiwa bado kijana mdogo, ilivunjika mwaka 1790 kwenye Mlango wa Msumbiji ikiwa imebeba watumwa, na waliofungwa ndani wakafa maji kwa mamia. Ufaransa ilipotangaza kufuta utumwa mwaka 1794, yeye aliendelea kupeleka watumwa kisiwa cha Bourbon, ambacho leo ni Réunion.

Mtu mwingine wa mji huo, Mahé de La Bourdonnais, aliyezaliwa 1699, alikuwa gavana wa Île de France, yaani Morisi, kuanzia 1735. Kisiwa kikuu cha Shelisheli kinaitwa Mahé kwa sababu yake. Mashamba ya visiwa hivyo yalitaka mikono, na mikono ikafuatwa Madagaska, Msumbiji na kwetu. Mwaka 1776 mfanyabiashara wa Kifaransa, Jean-Vincent Morice, aliwekeana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka. Shuleni tulifundishwa hayo kama habari za Kilwa, mwisho wa habari ukiwa pale watu wanapopandishwa melini. Juu ya ukuta wa Saint-Malo, kati ya nyumba ndefu za matajiri wa meli, nilikuwa nasimama pale ambapo habari hiyo ilikuwa inaingizwa kwenye daftari la faida.

Kuna pia wale wa morue, samaki mkubwa wa maji ya baridi. Kwa karne kadhaa wanaume wa Saint-Malo, Granville na Fécamp walivuka Atlantiki hadi mwambao wa Newfoundland, Kanada ya leo, wakashushwa wawili wawili kwenye vidau bapa kutega ndoano, ukungu ukiwakuta huko huko wakapotea. Samaki aliyepatikana alipasuliwa na kutiwa chumvi, ng'onda mtupu. Ni habari nzito, lakini nayo ni ya wanaume wanaoondoka.

Basi nikaondoka Saint-Malo nimeshiba mashujaa.

Kufika Douarnenez kunataka nia. Treni inakuishia Quimper, kisha unapanda basi kilomita ishirini na kitu kupita mashamba ya mahindi na ng'ombe, hadi barabara inaposhuka ghafla na ghuba inafunguka. Nyumba za rangi rangi zimeshuka bonde zima mpaka gati la Rosmeur. Ng'ambo ya maji ni Tréboul, palipo na mashua za watu wenye nafasi. Katikati kuna mkono wa bahari unaoitwa Port-Rhu, na mdomoni mwake kisiwa kidogo cha Tristan. Ghuba yenyewe ina hekaya yake: chini ya maji hayo, wanasema, limelala jiji la Ys, lililozama kwa sababu Dahut, binti wa mfalme Gradlon, aliyaachia malango ya bahari. Hata jiji likizama, wa kulaumiwa ni binti.

Samaki hapo ni habari ya kale kuliko Ufaransa yenyewe. Kwenye mteremko wa Plomarc'h, nje kidogo ya mji, yapo mabirika ya mawe ya enzi za Warumi. Humo samaki walilowekwa na chumvi hadi wakayeyuka kuwa mchuzi uitwao garum, ukasafirishwa mbali. Nilikaa ukingoni mwa birika moja nikila mkate, nikajaribu kufikiria harufu yake, nikashindwa kuumaliza mkate.

Baada ya Warumi walikuja watu wa mapipa: sadini walipangwa tabaka kwa tabaka na chumvi, wakakandamizwa hadi mafuta yakawatoka. Kilichougeuza mji ni kopo. Mfaransa Nicolas Appert alichapisha mwaka 1810 njia yake ya kuhifadhi chakula kwa kukichemsha ndani ya chombo kilichozibwa, na wenye mitaji wa Nantes wakaipeleka kwenye sadini. Mwaka 1853 kiwanda cha kwanza cha makopo kikafunguliwa Douarnenez. Kabla karne haijaisha, kijiji cha wavuvi kilikuwa mji wa mabomba ya moshi.

Kazi ya baharini niieleze kwa ufupi, maana imeelezwa sana. Mashua ya milingoti miwili, tanga lililotiwa rangi ya gome ili lisioze, nyavu nyembamba zilizopakwa bluu ili samaki asizione. Chambo kilikuwa mayai ya morue, yaliyonunuliwa Norway kwa bei ya kuumiza. Nahodha aliyarusha majini kwa mkono wake mwenyewe ili sadini wapande juu na kuingia kwenye nyavu. Mwaka sadini asipotokea, kama ilivyotokea 1902 na miaka iliyofuata, mji mzima ulilala njaa, kwa sababu hakuna aliyekuwa na kazi isiyoanzia kwa samaki huyo.

Sasa njoo nchi kavu. Sadini hasubiri. Anayejua dagaa anajua: ukichelewa kidogo na jua, tumbo limepasuka, mali imekuwa mbolea. Kwa hiyo mashua zilipoonekana zikirudi, kiwanda kilituma watu kuita vichochoroni, iwe saa sita mchana au saa nane usiku, na wanawake wakatoka na aproni zao. Waliitwa Penn Sardin, kwa Kibretoni vichwa vya sadini, na kofia zao ndogo za kubana nywele ndizo hizo zinazouzwa sasa kwenye kadi za posta. Wasichana waliingia kiwandani na miaka 12, wengine hata hawajaifikia. Sheria ya mwaka 1892 ilikataza wanawake kufanya kazi usiku. Viwanda vya samaki vikapewa msamaha. Sheria ya kufanya kazi si zaidi ya masaa manane kwa siku ilipitishwa 1919. Douarnenez haikufika, au ilifika ikaishia ofisini kwa tajiri.

Kazi ilikwenda hivi. Kisu kidogo, pigo moja: kichwa kinatoka na utumbo wake kwa pamoja. Samaki anaingia maji ya chumvi, anaoshwa, anasimamishwa kwenye chanja za waya akauke kwa upepo, kisha chanja zinazamishwa kwenye mafuta yanayochemka. Wakichuja mafuta, vidole vinawapanga koponi mmoja mmoja bila kuwavunja, wanatiwa mafuta mapya, kopo linazibwa na kuchemshwa. Kwa muda mrefu kuziba kopo kulikuwa kwa kulehemu, na kulehemu kulikuwa kazi ya wanaume, mafundi wa kulipwa vizuri na wenye maringo yao, mpaka mashine ya kuzibia ilipokuja na kuwaondoa. Hakuna mashine iliyopatikana ya kuondoa vidole vya wanawake. Hadi leo kwenye viwanda vichache vilivyobaki mjini, sadini wa bei nzuri wanapangwa kwa mkono.

Jioni hiyo nilimpigia shangazi yangu Mangapwani. Shangazi kachemsha dagaa zaidi ya nusu ya umri wake: mashua zinarudi alfajiri wakati wa giza la mwezi, mapipa ya maji ya chumvi yako motoni, anatumbukiza, anatoa, anaanika kwenye chanja, na wanunuzi wa Kongo wanapiga simu kabla hata hawajakauka. Nikamtumia picha ya zamani niliyoipiga kwenye kibao cha njia ya matembezi wanayoiita Njia ya Sadini: wanawake kwenye meza ndefu, lundo la samaki mbele yao. Nilitegemea aseme kitu juu ya zile kofia. Akaitazama.

"Hawa wakilipwa kwa ndoo au kwa siku?"

"Walikuwa wakilipwa kwa elfu, shangazi. Kila sadini elfu moja, senti kadhaa."

"Na nani anahesabu hiyo elfu?"

Nikacheka. Kwa simu moja alikuwa kafika pale ambapo vitabu vinamfikisha mtu taratibu. Mwaka 1905 wanawake wa Douarnenez waligoma kwa jambo hilo hilo: waache kulipwa kwa elfu, walipwe kwa saa. Elfu ilihesabiwa na upande wa tajiri, na samaki wakiwa wadogo elfu moja ilikuwa kazi kubwa kwa pesa ile ile. Walishinda. Shangazi alipopata jibu hilo alinyamaza kidogo, kisha akaniambia kuna mtu gatini kwao mwenye ndoo ambayo kila mwaka inaongezeka kina.

Mgomo mkubwa ulikuja miaka karibu ishirini baadaye. Mwishoni mwa 1924 mwanamke kiwandani alilipwa senti 80 kwa saa, mwanamume faranga 1 na senti 30. Vita vya kwanza vya dunia vilikuwa vimepandisha bei ya kila kitu isipokuwa mkono wa mwanamke. Novemba 21 kazi ilisimama kwenye kiwanda cha kutengeneza makopo, na ndani ya siku chache mji wote ulikuwa umefunga: viwanda ishirini na kitu, wafanyakazi karibu 2,000, zaidi ya robo tatu wakiwa wanawake. Walitaka faranga 1 na senti 25. Kwa Kibretoni kiasi hicho ni reale tano, na ndivyo walivyoimba barabarani kila siku, Pemp real a vo, reale tano na itakuwa. Waliandamana na viatu vya mbao kwenye barabara za mawe. Ukitembea mitaa ile ya mteremko utaelewa sauti yake ilivyokuwa.

Douarnenez haukuwa mji wa kawaida. Mwaka 1921 ulikuwa wa kwanza Ufaransa kuwa na meya mkomunisti, Sébastien Velly. Wakati wa mgomo meya alikuwa Daniel Le Flanchec, wa chama hicho hicho, na badala ya kujifungia ofisini alitembea mbele ya maandamano. Jiko la pamoja likafunguliwa ili watu wale. Kutoka Paris na kwingineko walikuja viongozi wa chama cha wafanyakazi, miongoni mwao Charles Tillon, ambaye baadaye angekuwa waziri. Wavuvi nao waliungana na wake zao na dada zao, jambo ambalo halikuwa dogo, kwa sababu mvuvi alimwuzia samaki tajiri yule yule.

Upande wa matajiri, walileta watu wa kuvunja mgomo, nao pia wakitokea Paris. Siku ya mwaka mpya, Januari 1, 1925, watu hao walimpiga Le Flanchec risasi ya shingo ndani ya mkahawa. Watu kadhaa wengine walijeruhiwa. Mji ukachemka, hoteli waliyofikia wavunja mgomo ikavunjwa vunjwa. Meya akapona. Lakini risasi ile ndiyo iliyowamaliza matajiri wenyewe, kwa sababu ilijulikana fedha zao zilikuwa nyuma ya wale watu, na serikali haikuweza tena kujifanya haioni. Siku chache baadaye, baada ya wiki zaidi ya sita za mgomo, walitia saini: faranga 1 kwa saa kwa wanawake, nyongeza kwa saa za ziada, na hakuna wa kufukuzwa kazi kwa kugoma. Reale tano hawakuzipata. Walipata nne, na mji ukacheza ngoma. Le Flanchec alikufa mwaka 1944 kwenye kambi ya Wanazi ya Buchenwald.

Ninayempenda zaidi katika habari yote hii ni Joséphine Pencalet. Alizaliwa 1886 katika familia ya wavuvi, akafiwa na mume, akawa kwenye mgomo. Mei 1925 aliwekwa kwenye orodha ya wagombea udiwani, akachaguliwa. Mwanamke Ufaransa wakati huo hakuwa na haki ya kupiga kura, sembuse kupigiwa! Wanaume wa Douarnenez walimpigia kura mtu ambaye mwenyewe hakuruhusiwa kuingia kituoni. Alikaa barazani miezi kadhaa, akapangiwa kamati, hadi mahakama ya juu ya masuala ya utawala ilipoutengua uchaguzi wake mwishoni mwa mwaka huo kwa sababu moja, kwamba ni mwanamke. Wafaransa wa kike walipata kura mwaka 1944. Pencalet alikufa 1972, na kwa miaka mingi jina lake halikutajwa popote, hata na waliomweka kwenye orodha. Siku hizi anatajwa. Mwaka 2024 mji uliadhimisha miaka 100 ya mgomo, na wanawake hao walikuwa kila dirisha.

Sasa tuseme ukweli kuhusu makumbusho. Makumbusho ya mashua ya Douarnenez yako Port-Rhu, na nje yake kuna vyombo vilivyofungwa gatini unavyoweza kupanda: meli ya mvuke ya kuvuta nyingine, meli ya Waingereza iliyotumika kama mnara wa taa baharini, vyombo vya mizigo na vya uvuvi. Kwa sura hiyo yalifunguliwa mwaka 1993 kwa matumaini makubwa, miaka michache tu fedha zikagoma, kwa sababu mbao ndani ya maji hula pesa kila siku iwe watalii wamekuja au hawajaja. Aliyewahi kumiliki jahazi atawaonea huruma. Ndani kuna mashua za kila namna, nadhifu, zimepangwa kwa upendo. Jengo lenyewe zamani lilikuwa kiwanda cha sadini. Mashua za wanaume zimewekwa juu ya sakafu waliyosimama wanawake usiku kucha, na sidhani kama waliozipanga walikusudia hivyo. Nilimwuliza kijana wa mlangoni sehemu ya wanawake iko wapi, akanionyesha, ipo, si haba. Lakini mashua ndizo zilizopewa ukumbi.

Naelewa kwa nini. Mashua inaonekana. Unaweza kuijenga upya, kama walivyoijenga Telenn Mor mwaka 1983 kwa mfano wa zile za sadini, ukaipakia watalii, ikapendeza na tanga lake jekundu. Kupanga samaki koponi huwezi kukupandisha tanga.

Kutoka hapo nilikwenda Concarneau, ambako sitakaa sana. Mji mkongwe uko juu ya kisiwa kidogo chenye ukuta, umejaa maduka ya aiskrimu. Kila Agosti wana Sikukuu ya Nyavu za Bluu, iliyoanzishwa 1905 kuchangisha fedha kwa familia za wavuvi wakati sadini walipopotea. Sasa ni ngoma na mavazi, na wachache wanakumbuka ilianza kama mchango wa njaa. Makumbusho yao ya uvuvi, ya tangu 1961, ni mazuri, unaingia hadi tumboni mwa meli ya nyavu za kukokota, unaona vitanda vilivyobanana na kunusa dizeli.

Kilichonishika Concarneau ni jodari. Mji huu ndio mama wa meli kubwa za Kifaransa za jodari, zile za nyavu za kuzungushia. Zilianzia Afrika Magharibi, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 zikahamia Bahari ya Hindi, kituo chao bandari ya Victoria, kwenye kisiwa kile kile chenye jina la gavana wa Saint-Malo. Nikatafuta hizo meli gatini Concarneau, nisione hata moja. Mzee mmoja aliyekuwa anavua kwa ndoano akanieleza kama anayemweleza mtoto: meli hazirudi, mabaharia ndio wanaorudi, kwa ndege. Mtu anatoka kijijini kwake Bretagne, anapanda ndege hadi Mahé, anavua kwenye bahari yetu, anapanda ndege kurudi likizo. Jodari huingia kiwandani huko huko Victoria, kiwanda ambacho ni miongoni mwa waajiri wakubwa wa Shelisheli, na makopo ndiyo yanayosafiri kwenda Ulaya. Kwenye duka la kawaida Quimper nilichukua kopo moja lenye picha ya mashua ya Kibretoni na bahari ya Kibretoni. Nyuma, kwa maandishi madogo, iliandikwa samaki kavuliwa Bahari ya Hindi.

Shangazi nilipomweleza aliuliza, wa Victoria nao wanalipwa kwa ndoo? Nikamwambia kwa saa, kwa mkataba, na wengi wao wameletwa kutoka nchi nyingine. Akasema basi huko kuna mgomo unakuja, au uliwahi kuwapo hatujaambiwa.

Kwa anayetaka kwenda. Pitia Quimper, basi ya Douarnenez inatoka mbele ya stesheni ya treni. Makumbusho hufungwa majira ya baridi, kwa hiyo angalia tarehe kabla. Kila baada ya miaka miwili, mwezi wa Julai, kuna tamasha la mashua za zamani na ghuba yote hujaa matanga. Ni zuri mno, ila vyumba hujaa mapema na bei hupanda. Fuata Njia ya Sadini yenye vibao kutoka bandarini, halafu panda Plomarc'h kwa miguu. Nunua kouign-amann, mkate wa siagi na sukari uliozaliwa mji huo, na uule siku hiyo hiyo. Kwenye maduka ya viwanda wanauza makopo ya sadini yaliyoandikwa mwaka wa kuvuliwa, na muuzaji atakushauri uyaweke miaka kadhaa ukiyageuza geuza ili nyama ilainike. Mimi yangu hayakufika hata mwezi. Tuliyala Rennes na wali wa nazi na pilipili ya kusaga, na mwenzangu wa chumba, Mbretoni wa kuzaliwa, ambaye babake mwenyewe anatoka Tréboul, akaniuliza Pencalet ni nani.